Mpaka Kanali Acheke

Jumamosi, 1 Machi

Sitaki hata kuandika. Naandika.

Leo nimekufa jukwaani. Siyo kuugua — kufa! Watu themanini ukumbini, wanajeshi wastaafu na wake zao na wajane na wajukuu, na hakuna hata mmoja aliyecheka. Hata kwa huruma. Nimeanza na ile ya mke anayemtafuta mumewe kabatini. Kimya. Nikaingiza ya daktari wa meno. Kimya. Nikaona mabega yanatikisika safu ya tatu, nikasema hapo hapo, wamewaka. Kutazama vizuri ni Koplo, amejiziba mdomo kwa kofia, macho yamemtoka. Nikadhani amepaliwa.

Miaka miwili sasa, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, naenda kuwachekesha wazee hawa na jamaa zao. Kazi yangu niipendayo kuliko zote. Harusini watu wanacheka kwa sababu wameshiba. Hawa wanacheka kwa sababu wametoka nyumbani kuja kucheka, wengine kwa magongo. Na leo wamenikalia kama watu wanaopigwa picha ya pasipoti.

Kanali, mkubwa wao wa zamani, alikuwa safu ya mbele, kiti cha katikati, mgongo umenyooka, fimbo katikati ya magoti. Ananitazama mdomoni bila kupepesa. Kiti cha pembeni yake, cha mkewe, kilikuwa kitupu. Sikulitia maanani, nilikuwa na msiba wangu.

Mama alikuwa safu ya wajane. (Baba naye alikuwa wa kikosi kile kile cha mizinga, Mungu amrehemu.) Njia nzima hatukusemeshana. Tulipofika nyumbani akaniambia tu nioge, nile. Mama yangu akikosa la kusema, ujue hali ni mbaya.

Miaka ishirini ya kazi! Bango langu linasema: Kitunguu — lazima ulie kwa kicheko. Leo aliyelia ni kitunguu mwenyewe.


Jumapili, 2 Machi

Sijatoka kitandani mpaka saa sita. Nimeamua kuacha sanaa. Nitafungua saluni.

Sijui kusuka.


Jumatatu, 3 Machi

Nimempigia simu Koplo. Huyu ndiye katibu wa ukumbi. Zamani alikuwa dereva wa kuvuta mizinga, siku hizi anavuta viti na kutunza funguo. Nikamuuliza bila kuzunguka mbuyu: nimechuja? Akaapa kwamba nilichekesha mno, kofia yake ameiuma mpaka imeingia alama za meno. Sasa mbona hukucheka? Akanijibu taratibu, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu.

"Kanali hakucheka, dada."

Kwa hiyo?

Kwa hiyo wao pia hawakucheka.

Nilidhani ananitania. Wapi! Watu wazima, wana wajukuu, wamestaafu miaka chungu nzima, na mpaka leo hakuna anayecheka kabla mkubwa wao hajacheka. Siyo amri, anasema, wala haijaandikwa popote. Ni adabu tu. Mkubwa akicheka, ruhusa imetoka. Na wake zao je? Wake wanawatazama waume. Wajane? Wajane wanawatazama wake. Kwa hiyo watu themanini wanamngoja mtu mmoja, na mimi pale mbele najipiga mweleka peke yangu.

Nikauliza Kanali nimemkosea nini. Koplo ghafla akasema amepata mteja mlangoni, akakata simu.

Koplo hana duka. Mteja wa nini?


Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kwa Kanali kuomba radhi. Na nimerudi nikiwa mtu mwingine, acha niandike kwa mpangilio.

Aliyenifungulia ni mkewe. Sote tunamwita Mama Afande. Leo ana kitambaa shingoni, na mkononi kibao cheusi cha mtoto wa shule na kipande cha chaki. Akaniashiria niingie. Kanali sebuleni, amekaa wima kwenye kochi kama yuko mkutanoni. Nikamwamkia, akaitikia marahaba ya kutikisa vikombe kabatini. Nikasema nimekuja kuomba radhi kwa Jumamosi. Akasema kweli, mvua zimechelewa mwaka huu.

Nikamtazama. Nikajaribu tena, nikamwambia mgongo unanisumbua. Akasema vizuri sana, vizuri sana. Nikasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, nyumba inaungua, Afande. Akatabasamu na kunikaribisha chai.

Kanali hasikii!

Jikoni Mama Afande akanieleza yote, kidogo kwa sauti ndogo, kidogo kwa chaki. Miaka ishirini na sita mumewe amesimama kando ya mizinga. Masikio yameondoka polepole, moja likitangulia, jingine likifuata. Hajawahi kukiri. Na wale waliokuwa chini yake, nani athubutu kumwambia mkubwa wao kwamba ni kiziwi? Wote wanajua, wote wanapaza sauti, basi.

Sasa vichekesho vyangu amekuwa akivichekaje? Mama Afande akaona haya. Kumbe kila mwezi anakaa pembeni yake, na nikifika penye kicheko anamfinya paja. Kanali anacheka. Ukumbi unacheka. Jumamosi yeye alikuwa hospitali, paja halikufinywa.

Nilikaa kwenye kigoda. Miaka miwili! Najiona bingwa, nainama, napiga busu hewani, kumbe kazi anaifanya mwanamke mmoja kwa kucha zake! Nikamuuliza yeye anajuaje pa kufinya. Akaandika: NACHEKA MIMI KWANZA.

Nikamkumbatia. Angalau mmoja.

Halafu nikauliza hospitali alifuata nini, na utani ukaishia hapo. Ana uvimbe kooni, penye nyuzi za sauti. Upasuaji ni Ijumaa tarehe 28. Amekatazwa kabisa kupaza sauti, maneno machache tu kwa siku, tena ya taratibu. Baada ya kisu sauti inaweza kurudi ile ile, inaweza kurudi nyingine, inaweza isirudi. Daktari hakumficha. Nikawa nakung'uta makombo ya mkate ambayo hayakuwepo mezani.

Akaweka kibao chini. "Miaka kumi na moja mume wangu ananisikia nikipiga kelele tu," akasema. "Nataka anisikie nikisema. Mara moja tu, kabla ya siku ile."

Nimemwahidi. Sijui nimeahidi kwa mdomo wa nani, lakini nimeahidi.


Jumatano, 5 Machi

Mama alijua! Habari ya kufinya — alijua tangu mwezi wa kwanza! Safu nzima ya wajane inajua. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema nilikuwa nafurahi sana, angeanzia wapi.

Nimenuna saa mbili. Katika saa ya tatu akaniletea chai na kunisimulia jambo ambalo mimi sikulijua. Mama Afande enzi zake alikuwa mpokea simu wa kambi. Kanali, wakati huo Luteni mwembamba wa juzijuzi, alikuwa akiinua simu bila shida yoyote ili tu amsikie akiuliza, nikuunganishe na nani? Miezi mitano hivyo, hajamwona sura. Mwisho akasema, niunganishe na wewe mwenyewe. Kambi nzima iliisikia hadithi hiyo, anasema Mama, kwa sababu laini ilikuwa imeachwa wazi.

Nimelia. Nimemwambia Mama ni pilipili ya kwenye chai. Chai haina pilipili.


Jumatatu, 10 Machi

Mambo! Mwaka jana nilichekesha sherehe ya hospitali moja ya masikio, na mkuu wao akaniambia siku yoyote ukiwa na shida, mlango uko wazi. Watu husema hivyo wakishashiba. Leo nimekwenda na shida yangu mkononi. Na kweli ameufungua! Mtaalamu wao atakuja ukumbini siku tatu, tarehe 24 mpaka 26, na vipimo na sanduku la vifaa vya kusikia, kwa ajili ya wapiga mizinga wote. Nimerukaruka mpaka kiatu kimenitoka.

Habari zilipofika ukumbini, waliofurahi zaidi ni wake. Mmoja akasema ana ugomvi na mumewe tangu miaka sita iliyopita, hajaweza kuumaliza kwa sababu mwenzake hausikii vizuri. Mwingine akasema wanawe wamekua wakidhani baba yao ana hasira, kumbe baba anafoka kwa sababu hajisikii mwenyewe.


Jumamosi, 15 Machi

Nimepita kuangalia orodha ya majina, Koplo ameibandika mlangoni. Majina kumi na manane! Nikampongeza. Kisha nikaona yameanzia namba mbili.

Namba moja iko wazi. Mstari mtupu, safi.

Nikamuuliza Koplo huyu wa kwanza ni nani. Koplo akaitazama dari. Nikasema basi mwandike yeyote hapo, mwandike wewe! Akanitazama kana kwamba nimemwambia akalale kitanda cha Kanali. Wa kwanza ni mkubwa. Na mkubwa hana shida ya masikio, kwa hiyo hajajiandikisha. Na asipoingia yeye, waingie wao wa nini? Itakuwa kama wanasema wao wanasikia vibaya na yeye ndiye mzima — hapo tena hapana, itakuwa kama wanasema yeye — nikamwambia anyamaze, kichwa kinaniuma.

Watu kumi na wanane watabaki viziwi kwa heshima!


Jumanne, 18 Machi

Nimekwenda kumwambia Kanali ana kwa ana. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo kama kazi mpya. Nimefika, akanimiminia chai kwa mkono wake, akaniuliza habari za Mama, akaniambia baba yangu alikuwa dereva ambaye hajawahi kuchelewa hata dakika. Nikanywa chai. Vikombe vitatu. Nikaaga. Mwoga mkubwa mimi.

Mama Afande alinisindikiza getini. Nikamwambia nimepata njia nyingine: nitamwambia Kanali kwamba vijana wake wanaogopa vipimo, awatangulie kuwatia moyo. Akatikisa kichwa. USIMDANGANYE, akaandika. MWAMBIE.

Nikamwambia amwambie yeye basi, ndiye mke. Kwanza, Kanali anasemaje juu ya upasuaji? Mama Afande akafuta kibao kwa kanga, polepole, mpaka nikajua kuna neno.

Kanali hajui! Amemwambia mara tatu, kwa sauti aliyoruhusiwa. Mara ya kwanza alijibu sawa, sawa. Mara ya pili alijibu vizuri sana. Mara ya tatu alimwambia funguo ziko mfukoni mwa koti. Anajua mkewe anakwenda hospitali, anadhani ni presha. Kile kibao anadhani ni cha kuandika mahitaji ya sokoni.

Kwa nini usimwandikie? Hapo akakasirika, nikaona mishipa. Akasema kwa mdomo, siyo kwa chaki, kwamba hawezi kumpa mumewe habari kama ile kwa barua ndani ya nyumba yao, kama mwenye nyumba anayemtoa mpangaji. Yametumika maneno ya siku nzima hayo. Baada ya hapo alinipungia mkono tu.


Jumatatu, 24 Machi

Siku ya kwanza ya vipimo. Fundi Masikio (nimempa mimi jina, amelipenda) amefika saa mbili na koti jeupe na masanduku mawili. Chumba cha nyuma kimefagiliwa. Nje, kwenye benchi, wazee kumi na wanane, wamenyoa, wamechomekea.

Saa tatu hajaingia mtu. Saa nne hajaingia mtu. Fundi akachungulia, akaita karibuni. Wakajibu asante, wakabaki. Saa sita Koplo akagawa maji. Saa nane Fundi akaniuliza kama kuna mgomo. Nikamweleza. Akacheka mpaka akavua miwani, kisha akaacha kucheka, akasema Jumatano saa kumi jioni anafunga masanduku na kuondoka. Mwezi ujao yuko safarini.

Kanali hakutokea. Kwa nini atokee? Masikio yake mazima.


Jumanne, 25 Machi

Najua nilichokatazwa. Nimekifanya kile kile.

Asubuhi nikampelekea Kanali barua nzuri ya kuchapwa: wapiga mizinga wako wanahofia vipimo, wanahitaji kiongozi. Alisoma amesimama. Akavaa koti lenye vifungo vya shaba. Nilimwendesha mpaka ukumbini najiona mjanja wa wajanja wote.

Benchi nzima ikasimama. Kanali akaingia. Dakika ishirini. Kisha mlango ukafunguka, akatoka na ule mchoro wa vipimo mkononi, mstari unateremka kutoka juu kushoto mpaka chini kabisa kulia. Akatangaza, kwa sauti ile ya kutikisa vikombe, kwamba mashine ni mbovu. Akaukunja mchoro, akautia mfukoni, akatoka kwa miguu.

Na wale kumi na wanane wakatoka nyuma yake! Mmoja mmoja! Koplo wa mwisho, amening'iniza kichwa.

Nimepita kwa Kanali kabla ya jua kuzama. Mama Afande alikuja dirishani na kibao. NILIKWAMBIA. Akafunga pazia. Kesho asubuhi analazwa hospitali kwa maandalizi, na mimi nimemharibia.

Siyo kama jukwaani. Jukwaani ukifa unafufuka wiki ijayo.


Jumatano, 26 Machi

Naandika haraka, daftari litanisamehe mwandiko.

Saa tano nimekwenda kwa Kanali. Mkewe ameshapelekwa hospitali na dada yake. Nyumba kimya, ingawa kwake nadhani ni sawa na siku zote. Anapanga viatu vilivyokwisha kupangwa. Sikumwamkia. Nilitoa kibao cha shule nilichonunua njiani, nikaandika yote. Kwanza, kwamba barua ya jana ilikuwa uongo wangu. Nikafuta. Kisha, kwamba mkewe ana uvimbe kooni, si presha. Nikafuta. Kwamba anapasuliwa Ijumaa na sauti huenda isirudi. Kwamba amemwambia mara tatu. Kwamba haombi kitu kingine isipokuwa asikiwe mara moja. Kibao ni kidogo, nilifuta mara sita, kanga yangu imejaa chaki.

Alisoma kila safari mpaka mwisho. Alipomaliza akakaa kwenye kochi, si wima. Mkono mmoja juu ya goti, anaufungua, anaufumba. Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha, ndivyo nilivyo, mdomo wangu hauna adabu. Nikauma ulimi.

Kanali akasema, "Alisema mara tatu?" Nikaonyesha vidole vitatu.

Tulipofika ukumbini ilikuwa saa nane na nusu. Fundi ameanza kukunja nyaya. Benchi imejaa, wamerudi wote, sijui kwa nini, pengine ratiba ni ratiba. Wakasimama. Kanali akasimama mbele yao, na nikajua anakwenda kusema jambo kwa sababu alivua kofia.

"Jana niliwadanganya," akasema. "Mashine ni nzima. Mbovu ni mimi. Sisikii, miaka kumi na moja sasa. Nadhani mnajua."

Wakaangalia viatu. Koplo, maskini Koplo, akajibu kwa ukakamavu wote: ndiyo, Afande!

Kisha akaingia. Nami niliingia naye, aliomba niwe pale. Fundi akampachika kidude kimoja, kisha kingine, vya rangi ya ngozi, akabonyeza kwenye kompyuta yake. Kanali akashtuka. Akatazama feni. Akatazama viatu vyangu, nilikuwa nagongagonga sakafu. Akagusa suruali yake kwa ukucha, akasikiliza, akagusa tena.

Nje, kwenye benchi, Koplo akamwambia mwenzake, kwa ile sauti yao ya kila siku wanayoongelea mgongoni kwa Kanali, kwamba mzee leo amevaa soksi mbili tofauti.

"Koplo," akasema Kanali bila kugeuka, "nimesikia hilo."

Ooh! Ningetoa jino nipige picha! Kilichofuata sijawahi kukisikia. Kwanza kishindo, nadhani Koplo aliinuka na benchi. Kisha wakaanza kuulizana, wakubwa kwa wadogo: tumesema nini mbele yake miaka hii yote? Mmoja anakumbuka alimwita kasuku. Mwingine anakumbuka habari ya mbuzi wa kikosi. Wake zao waliokuwa uani walicheka mpaka wakashikana mabega, na hakuna aliyengoja ruhusa ya mtu.

Fundi ameahirisha safari mpaka kesho mchana, kwa hiari yake. Namba mbili mpaka tisa wameshapimwa. Namba tano amemsikia mkewe akimwita jina la zamani, ametoka chumbani mbio.

Ndani ya gari Kanali akaniambia kumbe sauti yangu ni nyembamba hivi, yeye alidhani nina besi. Akaniomba nimchekeshe, asikie. Nikampa ile ya kabati, kwa moyo wangu wote. Akasikiliza mpaka mwisho. Akafikiri.

"Yaani hiyo ndiyo niliyokuwa nikifinyiwa?"

Sina la kuongeza juu ya sanaa yangu kwa leo.


Alhamisi, 27 Machi

Naandika kwenye korido ya hospitali, kiti cha plastiki, daftari juu ya pochi. Saa tano na robo.

Tumefika mapema mno, saa tatu. Kanali amenyoa mara mbili, ana kovu jipya kidevuni. Njiani aliniomba nizime redio. Muuguzi wa zamu, mama mnene mwenye kalamu nne kifuani, akatueleza utaratibu: kuona wagonjwa ni saa nne na nusu. Mgonjwa wetu anaruhusiwa dakika kumi za kusema polepole, basi, kisha ni kufunga mdomo mpaka kisu kesho. Ameagizwa na daktari. Akanitazama mimi hasa, sijui kwa nini watu hunitazama mimi.

Saa nne na nusu kamili Kanali akasimama mlangoni. Akagusa masikio yote mawili. Akaniuliza kama viko sawa. Nikasema viko sawa. Akaniuliza tena. Mtu ambaye amesimama kando ya mizinga miaka ishirini na sita, mkono wake haupati kitasa. Nikamfungulia mimi.

Kuna kioo kidogo mlangoni. Sikutaka kuchungulia. Nimechungulia. Mama Afande alikuwa ameketi kitandani, akainua kibao chake kama kawaida. Kanali akakichukua mkononi mwake, akakiweka chini ya kitanda. Akavuta kiti karibu. Kisha akasema neno, sikulisikia, na Mama Afande akaweka mkono kinywani. Akatazama masikio yake, la kulia, la kushoto. Akacheka, nimeona mabega. Halafu akaanza kusema.

Dakika kumi zimepita. Ishirini zimepita. Mzee wangu huyu siku zote anaongea na watu kwa kuwatazama mdomo, hata mimi jukwaani ndivyo anavyonitazama. Sasa hivi amefumba macho. Ameinamisha kichwa, amefumba macho kabisa, na mkewe anasema karibu na uso wake, na machozi yanamtoka mtu yule bila kuyafuta.

Nami kamasi tupu. Sina leso, nimetumia ukurasa wa Jumapili tarehe 2, ule wa saluni.

Muuguzi amekuja. Anaitazama saa ya ukutani, ananitazama mimi. Ananiambia dakika zimepita arobaini na tano, je, mimi si ndiye yule mchekeshaji, niingie basi niwakatishe kwa utani, wasione vibaya. Nimemwambia sithubutu. Akasema basi ataingia mwenyewe, agizo ni agizo, mgonjwa anaimaliza sauti ile.

Ameshika kitasa. Ameufungua mlango, upana wa kiganja hivi, na sasa nasikia hata mimi. Sauti ndogo. Ya chini, ina mkwaruzo kidogo, haina haraka. Anamsimulia siku mjukuu wao wa kwanza alipozaliwa, alichosema mkunga, alichosema binti yao. Miaka tisa iliyopita hiyo. Kanali alikuwepo siku ile.

Amefika mwisho, amenyamaza. Muuguzi amevuta pumzi ili aseme.

"Rudia," akasema Kanali.

Muuguzi bado ameshika kitasa. Hajaingia, hajaufunga. Ananiuliza, kwa kunong'ona, saa ile ya ukutani imesimama au vipi. Nimemjibu imesimama —